Anza na Mlango Unaolia: Mashairi ya Watoto na Maisha ya Kila Siku

Kwa ambao hamkuweza kufika Jumamosi, hotuba yenyewe ndiyo hii, nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Habari za asubuhi jamani. Naona walimu, naona wazazi, naona na wale wanaoandika kimyakimya na hawajamwonyesha mtu hata mstari mmoja, karibuni wote. Na nyie mliokuja na watoto, naomba sana msiwanyamazishe, wakiongea waacheni waongee, leo tunazungumza habari zao na itakuwa ajabu wao ndio waambiwe wakae kimya.

Nianze na swali. Nani hapa ameshawahi kukaa chini, kafungua daftari, kajiambia leo naandika shairi la watoto, halafu hakikuja kitu? Inueni mikono. Eeh, wengi. Sasa wenye mikono juu nijibuni na hili la pili: siku hiyo ulipokaa, neno la kwanza uliloliandika juu ya ukurasa lilikuwa nini?

Usafi. Adabu. Bidii. Nasikia pale nyuma, kuheshimu wakubwa. Na huku, kupiga mswaki.

Mnaona? Kabla hatujawa na shairi tayari tuna somo. Tunakaa na somo letu kubwa, tunalitafutia vina, tunalivalisha nguo za watoto, halafu tunashangaa mbona mtoto akishalisoma darasani halirudii tena kwa hiari yake akiwa anacheza. Halirudii kwa sababu ndani yake hakuna kitu cha kushika. Hakuna mlango, hakuna kikombe, hakuna sisimizi. Kuna agizo tu, na maagizo mtoto anayapata siku nzima bila vina.

Kwahiyo nililokuja kusema leo ni hili, na nitalirudia mpaka mchoke: anza na kitu, usianze na somo. Anza na kitu.

Najua kuna atakayesema lakini mawaidha ni sehemu ya ushairi wetu tangu enzi. Ni kweli kabisa. Chukueni Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, mama anamuusia binti yake, ni mawaidha toka mwanzo mpaka mwisho. Lakini hebu rudini muangalie unavyoanza. Unaanza na mama mgonjwa anayemwita binti yake asogee karibu, akae, aje na wino na karatasi. Kabla hajasikia ushauri wowote msomaji ameshamwona mgonjwa, ameshamwona binti, ameshaiona karatasi. Hata huyo bingwa wa mawaidha alijua kwamba watu lazima kwanza waingie chumbani.

Sasa niwape kisa. Nyumbani kwangu kuna mlango wa stoo, ulikuwa unalia. Sisi wakubwa tulikuwa tumeshauzoea, hatuusikii tena. Siku moja akaja mtoto wa jirani, binti wa miaka minne, kaufungua, mlango ukalia, akasimama. Akaurudisha taratibu, ukalia tena lakini sauti ndefu zaidi na nyembamba. Akaufungua tena. Mimi niko pembeni natazama tu. Akasogeza sikio kwenye bawaba ile ya chini maana ya juu haifikii, akaigusa kwa kidole, kidole kikatoka na unga wa kutu, akauangalia ule unga muda mrefu, halafu akauliza, na wala hakuniuliza mimi, aliuuliza mlango: unaumwa wapi?

Jamani, hapo mimi nina kazi gani zaidi ya kuandika? Usiku ule nikakaa nikatoka na huu ubeti:

Mlango wetu walia,
kila mtu akingia.
Wapi unapoumia?
Sema, ninakusikia.

Mishororo minne, mizani nane nane, kina kimoja. Hakuna ufundi mkubwa hapo. Lakini nilipowasomea watoto wengine, mmoja akainuka kwenda kuusikiliza mlango wa chumba tulichokuwemo. Mwingine akasema kiti chake nacho kinaumwa, akakitikisa tukisikie. Je, ningekaa nikaandika shairi la kuwafundisha huruma kwa wagonjwa, kuna mtoto angeinuka? Huruma ipo kwenye ule ubeti, ipo imejaa, ila hakuna aliyeitaja. Mtoto ameiona mwenyewe kwenye mlango na hakuna aliyemsukuma.

Na hili si jambo geni kwetu. Kitendawili! (Tega!) Nyumba yangu haina mlango. Wote mnajua, yai. Kila niendapo ananifuata? Kivuli. Sasa fikirieni yule mtu wa kwanza kabisa aliyetega hiki cha yai, hatumjui jina, hatujui aliishi lini, lakini tunajua alifanya nini: alishika yai mkononi akaligeuza, akalitafutia mlango akaukosa. Yai la kila siku! Mikono mingapi ilikuwa imeshalishika kabla yake? Vitendawili vyetu karibu vyote vimetoka hapohapo, kwenye macho, meno, moto, kivuli, njia, vitu ambavyo havihitaji nauli kwenda kuviona. Mtu anayejua vitendawili ishirini ameshasoma darasa la kwanza la ushairi wa watoto.

Twende mbele. Nimesema anza na kitu. Lakini utakijuaje? Vitu ni vingi mno na sisi macho yetu yameshazoea. Jibu langu ni kwamba huhitaji kukitafuta peke yako, yuko mtu ndani ya nyumba anayekutafutia kila siku bure, ila tunamwambia subiri kidogo, niko bize.

Tega sikio. Yaani hili naliamini kuliko yote nitakayosema leo, tega sikio. Mtoto kuanzia miaka miwili hivi mpaka mitano sita anaongea mambo ambayo mshairi mkubwa akikesha hayapati, na anayaongea wakati unamfunga viatu. Watoto niliowasikiliza waliwahi kusema mbele yangu kwamba kifuniko cha sufuria kinatoka jasho, kwamba shati limelala kifudifudi, kwamba mvua imechoka kuning'inia. Mmoja mama yake alipojifungua, siku ya tatu akaja kunong'ona: huyu mtoto atarudi lini alikotoka? Hilo peke yake ni shairi zima, lina wivu ndani, lina hofu, lina adabu pia maana alinong'ona asimuudhi mama.

Kuna Mrusi mmoja aliitwa Kornei Chukovsky ambaye hii kazi ya kusikiliza aliichukua kama kazi hasa. Alikuwa anaandika maneno ya watoto kama walivyoyasema, makosa na yote, na watu wakawa wanamwandikia barua kumletea maneno ya watoto wao, na kitabu chake kuhusu lugha ya watoto wadogo kilitoka mara ya kwanza 1928, baadaye kikawa kinajulikana kwa jina linalomaanisha toka miaka miwili hadi mitano. Lakini kisa chake ninachokipenda ni cha nyuma zaidi, mwaka 1916 hivi. Yuko kwenye treni usiku na mwanawe mgonjwa. Mtoto analia, hatulii. Baba hana dawa, hana toi, hana kitu. Akaanza kumsimulia habari za mamba anayetembea mitaani, na maneno akawa anayapanga kwa mdundo wa magurudumu ya treni, haraka haraka bila kusimama, maana akisimama mtoto anakumbuka kulia. Hajali kama ni shairi zuri, anachojali ni mtoto atulie. Na ndilo likawa shairi lake maarufu la mamba, watoto wa Urusi wakalishika wote.

Angalieni pale alichukua nini. Treni ilikuwepo. Mtoto alikuwepo. Mdundo ulikuwepo, abiria wote waliusikia. Yeye akaupanda tu.

Sasa mtaniuliza, nikishasikia nifanye nini? Andika palepale. Usijiambie utakumbuka, hutakumbuka, au utakumbuka maana yake na kusahau maneno yake, na thamani yote iko kwenye maneno. Daftari dogo, nyuma ya risiti, rekodi kwenye simu, chochote. Na ukiandika usimsahihishe. Sisi walimu hapa ndipo tunapoharibu, mkono wenyewe unakwenda kwenye kalamu nyekundu. Sarufi yake utaishughulikia saa ya somo, kwenye daftari la mashairi muache aongee kama alivyoongea.

Nina kisa kingine juu ya hilo. Mtoto wa dada yangu jioni moja alijipa kazi ya kufunga nyumba. Kafunga madirisha yote, tena kwa kujitutumua maana mengine kitasa kiko juu, kafunga mlango wa mbele, kafunga wa nyuma, kaja kakaa katikati ya sebule kwenye kapeti anasubiri. Giza likaingia. Akaangalia dirisha moja, akaangalia la pili, akanigeukia kakasirika kabisa: nimefunga kote, sasa giza limepita wapi?

Alikuwa anajaribu kulizuia lisiingie! Nikaandika:

Nimefunga madirisha,
na mlango nimefunga,
sasa giza limepita wapi?

Wenzangu wa mizani mtakuwa mmeshahesabu: nane, nane, kumi. Mshororo wa mwisho umezidi. Nilijaribu kuubana uwe nane, ukawa mzuri kwa hesabu na ukafa, kwahiyo nimeuacha kama ulivyotoka mdomoni mwake. Mimi napenda mizani, nawaheshimu wanaoilinda, lakini kati ya mizani na sauti ya mtoto aliyekasirishwa na giza mimi nachagua sauti ya mtoto. Atakayebisha tutaongea nje wakati wa chai.

Halafu kitu kimoja kidogo ila kinanigusa sana. Sio kila anachosema mtoto ni chako kuandika. Akikwambia siri ya kitanda kilicholowa, au akilia kwa jambo linalomuuma kweli, hiyo ni yake. Muulize kwanza. Mtoto wa miaka sita anaelewa vizuri kabisa ukimuuliza naweza kuandika hili, na akisema hapana ni hapana.

Haya. Tumesema kitu, tumesema sikio. Sasa nataka kuongea habari za kimo.

Wakubwa, mara ya mwisho kuingia chini ya meza ilikuwa lini? Sio kuokota kalamu, kuingia na kukaa. Naomba leo mkirudi mkajaribu. Kuna mbao ambayo haikupigwa rangi, fundi aliona hakuna atakayeangalia. Kuna alama ya penseli ya vipimo vyake. Kuna msumari umetokeza kidogo, kuna bablishi imebandikwa na mtu ambaye hajawahi kukiri. Halafu kuna miguu, na miguu inaongea, mmoja unatikisika, mwingine umevua kiatu. Sauti zinatoka juu lakini nyuso hazionekani. Mtu mwenye urefu wa mita moja anaijua dunia hiyo vizuri, sisi tumehama. Mimi niliingia, nikatoka na hili:

Chini ya meza ni kwangu,
miguu ni miti yangu,
mbingu yake ni ya mbao,
radi ni sauti zao.

Hao "zao" ni sisi. Mtoto aliye chini ya meza anatusikia tukigombana huko juu, na kwake ni radi. Nilipolisoma hili kwa wazazi walinyamaza kidogo, watoto wao wakacheka na kuomba lirudiwe. Ubeti ni uleule. Wala sikukusudia kuwagusa wazazi, nilikuwa naandika habari za meza tu.

Kubadilisha kimo sio lazima kuinama. Unaweza kuhamia kwa kitu kingine kabisa ukaangalia toka huko. Na hapa lazima nimtaje Misuzu Kaneko wa Japani. Huyu dada alizaliwa 1903, alikuwa anafanya kazi kwenye duka la vitabu, anaandika mashairi ya watoto. Alifariki 1930 akiwa na miaka 26 tu na jina lake likapotea. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, mwaka 1982, mtafiti aliyekuwa amesoma shairi lake moja akiwa kijana na hakuweza kulisahau akafika kwa mdogo wake Kaneko, na yule mdogo mtu alikuwa amezitunza daftari za dada yake. Ndani yake mashairi 512.

Shairi gani lilimfanya mtu atafute miaka yote hiyo? Lilikuwa fupi. Wavuvi wamepata samaki wengi, ufukweni ni sherehe. Na baharini chini, anasema, dagaa wanafanya mazishi ya maelfu kwa maelfu ya wenzao. Basi. Hakuwalaumu wavuvi wala hakumwambia mtoto asile samaki. Aliangalia tukio ambalo kila mtu pale alikuwa analiona kila msimu, akashuka chini ya maji akaliangalia toka kule. Lingine anaongea na theluji iliyolundikana, ya juu anaionea huruma kwa baridi, ya chini kwa mzigo wa watu wanaoikanyaga, halafu anafika kwenye ile ya katikati ambayo haioni mbingu wala haioni ardhi, anaiuliza kama ina upweke. Nani kati yetu amewahi kuionea huruma theluji ya katikati? Au tofali la katikati ya ukuta? Au ukurasa wa katikati ya kitabu, au mtoto wa katikati katika familia ya watoto watano?

Mnaona jinsi inavyokwenda, ukishapata jicho moja kama hilo huishiwi tena, kila ukigeuka kuna mtu wa katikati anayesubiri kuulizwa.

Na kama hakuna mtoto karibu yako? Kuna watu wamenifuata asubuhi wakasema sisi hatuna watoto, hatufundishi, je tunaruhusiwa? Jamani, ulikuwa mtoto. Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Uskochi, alikuwa mtoto wa kuumwaumwa, siku nyingi kitandani, huko Edinburgh. Alipokuja kuandika kitabu chake cha mashairi ya watoto, kilichotoka 1885, moja ya mambo aliyoandika ni yule mtu aliyekuwa anapita jioni kuwasha taa za barabarani, mtoto anamtazama dirishani akitamani amwone naye. Mfanyakazi anayepita na ngazi yake, siku zote, saa ileile. Wewe ulikuwa unamsubiri nani apite? Ulikuwa unaogopa sauti gani? Ulificha nini na wapi? Andika hivyo kwanza, usiandike ulivyojisikia, andika kilikuwa kinanukaje na kilikuwa na rangi gani.

Sasa sauti, na hapa nitakaa kidogo maana naona wengi wetu tunaandika mashairi ya watoto kwa macho, tunayaona kwenye ukurasa yamepangana, tunaridhika.

Mtoto halioni shairi. Analisikia, analitafuna, analipiga makofi, analirukia kamba. Na Kiswahili kimetupa zawadi kubwa, silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, vina havitusumbui, mkazo tunaujua uko wapi. Na juu ya hapo tuna tanakali za sauti ambazo watoto wanazipenda kufa: kitu kikianguka majini ni chubwi, kikianguka chini ni pu, giza ni totoro, kimya ni jii, mtu analala fofofo. Kwanini hizi tunazitumia tukisimulia stori halafu tukiandika shairi tunaziacha mlangoni na kuchukua maneno ya suti na tai? Mtoto wa miaka mitano hana shughuli na "asilani" na "abadani". Neno moja geni katika shairi sawa, hilo ni utamu, atalirudia siku nzima bila kujua maana. Matano ni adhabu.

Na naomba, naomba, tuache kuwadekeza kwa lugha ya katoto, kanyumba, kapaka kila mstari. Watoto wanajua wakishushwa. Hawasemi lakini wanajua.

Kisa cha sauti. Kijana mmoja wa chekechea alishikwa na kwikwi akiwa anajitambulisha mbele ya wenzake. Kila akifika kwenye jina, kwi. Wenzake wakacheka, naye akacheka, na kucheka kukaongeza kwikwi. Mwalimu angeweza kumpa maji yakaisha, na maji alipewa, lakini mimi nilikuwa nimekaa pale na vidole vinahesabu. Hii kwikwi ilikuwa na mapigo! Ilikuwa inakatisha sentensi mahali ambapo hakuna mshairi angekatisha:

Kwi! Imenishika tena,
kwi! Sijamaliza jina,
nataka kusema ma—kwi!
nataka kusema ba—kwi!

Hesabuni, kwikwi yenyewe ina mizani moja, mishororo yote ni nane. Hili shairi halina maana yoyote ya ndani na sitaki muitafute. Lakini kawape watoto kumi uone. Hawatalisoma, watalicheza. Watabishana nani anafanya kwi vizuri. Na mtoto ambaye anasuasua kusoma, huyu ambaye akisimama darasani anatetemeka, kwenye shairi hili kukwama ndiko kusoma vizuri. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba mwanafunzi wake ambaye hakuwa ananyoosha mkono kabisa alinyoosha siku hiyo. Nililifurahia hilo kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa.

Kwahiyo ukimaliza kuandika, soma kwa sauti. Halafu mpe mtu mwingine asome kwa sauti wewe ukiwa kimya, maana wewe mwenyewe unajua pa kuvuta pumzi, utajifichia makosa. Pale anapojikwaa weka alama. Halafu wasomee watoto, na usiwaulize mmelipenda, watasema ndiyo, watoto wana adabu kuliko tunavyowasema. Waangalie miguu. Miguu ikianza kutembea chini ya kiti mstari huo ni mrefu, au umeanza kufundisha. Mimi mistari mingi nimeifuta kwa kuangalia miguu.

Na ujue pa kunyamaza. Mjapani mwingine, Michio Mado, aliyepewa tuzo ya Hans Christian Andersen, ile ya kimataifa ya waandishi wa watoto, mwaka 1994 na akaishi mpaka miaka 104, shairi lake linaloimbwa zaidi ni mazungumzo na mtoto wa tembo. Anaambiwa, pua yako ni ndefu. Anajibu, ndiyo, hata ya mama ni ndefu. Hebu ona angeweza kuongeza kiasi gani! Angeongeza kwamba tusicheke maumbile ya wenzetu, kwamba kila mtu ni mzuri alivyo, kwamba mama ni bora. Hakuongeza. Mtoto wa tembo amejibu kwa fahari, imekwisha.

Najua muda unakwenda na mwenyekiti ananiangalia. Sitaki muondoke mkiwa mmesikiliza tu. Kila mtu aingize mkono mfukoni au kwenye begi, atoe kitu kimoja. Funguo, kitambaa, kalamu iliyokatika, chochote, ila simu rudisheni. Kiwekeni mbele yenu. Kishikeni, kigeuzeni, kama kina upande ambao hamjawahi kuuangalia uangalieni. Kisikilizeni kama kinatoa sauti. Halafu kiulizeni swali moja la kweli, ambalo jibu lake hamlijui, na liandikeni kama lilivyokuja. Mishororo minne. Anayetaka mizani nane aweke nane, asiyetaka aache. Neno "tuwe" limepigwa marufuku, "tusiwe" pia, na sitaki kuona "watoto wazuri" popote.

Na nyie watoto njooni huku mbele, kila mmoja achague mtu mzima mmoja akakae naye. Akikwama mwambieni nyie mnakionaje. Akikataa kuandika mlichosema njooni mniambie mimi. Tuna dakika kumi na tano, tukimaliza nyie watoto ndio mtakaosoma, wakubwa watakaa kimya wasikilize.